Pimbi, Bingwa wa Mbegu za Mbuzi

Hapo zamani za kale, wanangu, zamani za wanyama kujenga nyumba na kufuga kama sisi, Kifaru mmoja aliishi katika bonde lenye tope jingi. Sogeeni karibu. Na wewe unayesinzia huko nyuma, amka, maana hadithi hii ina mtoto mgonjwa ndani yake na sitaki kuirudia.

Kifaru huyu alikuwa na nguvu za kung'oa mti, lakini macho yake yalikuwa mabovu. Akimwona mbuzi kwa mbali humdhani jiwe, na akiliona jiwe huliamkia. Mkewe alifariki mwaka wa mvua kubwa, akamwachia binti mchanga aitwaye Mashavu. Basi Kifaru akamlea mwanawe kwa maziwa ya mifugo yake. Alikuwa na mbuzi weupe watatu wa mbegu ya mbali, viwele vyao vikubwa vinaning'inia. Alikuwa na kondoo wawili wa mkia mnene. Alikuwa na mbuzi mwekundu mmoja wa kienyeji, mdogo, mwenye hasira zake. Tena palikuwa na beberu mmoja, ananuka mpaka nzi wanamkwepa. Msiniulize mbona mifugo hii haikusema neno wakati wanyama wengine wote wanasema. Ilikuwa na midomo ya kula tu.

Shida ilikuwa moja. Maziwa yakikamuliwa asubuhi, kabla jua halijafika utosini yameshachacha. Mashavu akinywa, tumbo linamnguruma, ngurruu! Anajikunja, analia, anatapika. Yale mashavu yaliyompa jina yakabonyea. Kifaru alimtazama mwanawe anavyokonda, moyo ukamuuma sana.

"Baba, leo sinywi," alisema Mashavu.

"Usipokunywa utakufa, mwanangu."

"Na nikinywa?"



Sasa, ukoo wa Kifaru ulikuwa na mila zake mbili. Ya kwanza ni tope. Mtu mzima hujipaka tope asubuhi na jioni, mikono, shingo, hata masikio, na anayeliosha huambiwa hana kwao. Ya pili ni moto. Kifaru akiona moto huukanyaga kwanza, pu! pu! pu! ukishazimika ndipo auulize ulikuwa wa nini. Kwa hiyo nyumbani kwake hapakuwa na jiko wala jivu, na kibuyu chake cha maziwa hakikuwahi kuonja maji ya moto tangu kilipotobolewa mdomo.

Ng'ambo ya bonde, juu ya majabali, aliishi Pimbi na mkewe. Mnamjua Pimbi? Mwili wake hauzidi wa sungura, mkia hana, lakini ulimi wake ungewatosha wanyama kumi. Siku moja alimsikia Mashavu akilia, akateremka mbio.

"Hodi hapa! Mzee wangu, mbona mtoto analia mpaka majabali yanaitikia?"

"Karibu, Pimbi. Maziwa yamenishinda. Sijui nimekosea wapi."

"Lete nionje." Akaonja. "Ptu! Ptu! Hebu niambie, una mifugo ya mbegu gani?"

"Weupe, mwekundu, na kondoo."

Pimbi akashika kichwa kwa mikono miwili. "Yalaa! Zizi moja? Mzee, unamuua mtoto! Wakosaji ni hawa weupe. Mbegu ya nchi ya baridi hii. Maziwa yake yakiliona jua la huku bondeni yanashtuka, na yakishtuka yanachacha."

"Kwani maziwa yana macho?" aliuliza Kifaru.

"Wewe unayo. Umeona nini?"

Kifaru alifikiri, akaona ni kweli, hakuona kitu. Mgongoni pake aliishi ndege mmoja mdogo mwenye mdomo mwekundu, jina lake Shashi, kazi yake kumtoa kupe. Shashi alikuwa akimwita Kifaru mwenye nyumba, kwa sababu mgongo ule ndio uliokuwa nyumba yake.

"Mwenye nyumba," Shashi alinong'ona, "mbona huyu anatabasamu na mtoto analia?"

"Nyamaza, Shashi. Anatusaidia."

"Mimi nitakutunzia hawa weupe," alisema Pimbi, sauti imelainika kama mafuta. "Kwangu juu kuna upepo. Mzigo ni wangu, na shukrani sitaki."

Akawaswaga wale weupe watatu, trap, trap, trap, wakapanda majabali. Kifaru akashukuru mpaka machozi yakamtoka.

Wiki ikapita. Maziwa yakachacha vilevile. Tumbo la Mashavu, ngurruu!

"Ni kondoo sasa," Pimbi alisema aliporudi. "Umeuona mkia ule? Mafuta matupu. Mafuta yanateremka kwenye maziwa, ndiyo maana maziwa ya kondoo ni mazito. Na kitu kizito huharibika upesi."

Kifaru akakunja uso. "Lakini ya weupe yalikuwa mepesi, nayo yalichacha."

"Naam! Mepesi huchacha kwa wepesi wake, mazito kwa uzito wake."

Jamani, neno lile lilimwingia Kifaru kichwani likazunguka humo kama nyuki ndani ya mtungi. Aliligeuza huku, akaligeuza kule, hakupata pa kulishika. Mwenzake asingeweza kusema kwa uhakika namna ile kama hajui! Na msimcheke sana, maana kweli maziwa ya kondoo ni mazito, na kweli mbuzi weupe walitoka mbali. Uongo wa Pimbi ulikuwa umevaa nguo za kweli.

Kondoo wakaenda, trap, trap.

Akabaki mbuzi mwekundu na beberu. Kifaru akamkamua mwekundu, chwii, chwii, mikono yake ina tope la asubuhi, akatia maziwa katika kibuyu kilekile. Mchana yakachacha. Safari hii Mashavu hakulia hata kulia. Alilala ubavu, akatazama ukuta. Kifaru akaogopa kuliko alivyowahi kuogopa simba.

Jioni Pimbi akaja na kibuyu kidogo. "Mpe anywe."

Mashavu akanywa. Kifaru akasubiri tumbo lingurume. Kimya. Mtoto akaomba tena. Akanywa, akacheua kidogo, akalala usingizi wa raha.

"Pimbi, ndugu yangu! Ni maziwa ya mbegu gani haya?"

"Mbegu maalumu ya majabalini. Nitakuletea kila siku, wewe njoo tu asubuhi unilimie shamba kwa hiyo pembe yako. Ila keshokutwa nitamchukua na huyu mwekundu. Naye ana kasoro."

"Kasoro gani?"

"Ni mkali. Mbuzi mwenye hasira hutoa maziwa yenye hasira."

"Mchukue," alisema Kifaru. Angesema chukua hata pembe yangu, ilimradi mtoto alale vile.

Asubuhi yake, kulipopambazuka vizuri, Kifaru alipanda majabali kwenda kulima. Macho hayakumsaidia, lakini pua, wanangu, pua ya Kifaru haina mpinzani. Akanusa. Akanusa tena.

"Shashi, hawa mbuzi waliofungwa hapa si wale weupe wangu?"

"Ndio wao, mwenye nyumba. Na wale kondoo wako wale pale."

"Hakuna mbuzi wengine?"

Shashi akaruka, akazunguka zizi zima, akarudi. "Hakuna hata mkia."

Kifaru akasimama kama gogo. Kama hapa hakuna wengine, basi maziwa aliyokunywa Mashavu yalitoka kwa hawa hawa. Kule bondeni walikuwa wanamuua mtoto, huku wanamponya. Mbuzi ndio wale, kwato zile, ndevu zile. Kimebadilika nini? Kichwa kilimzunguka hata akakaa chini.

Mara akasikia harufu nyingine. Moshi!

Damu ya ukoo ikamchemka. "Mffff!" Akatimua mbio, vumbi tifu! Akainua mguu aukanyage moto.

"Weee! Shemeji! Shusha huo mguu!" Bi Pimbi alisimama mbele yake na kibuyu mkononi, mdogo mno chini ya unyayo ule, lakini hakusogea. "Hata salamu hakuna? Nafukiza kibuyu changu!"

Mguu ukabaki hewani. "Unafukiza kibuyu? Kimekosa nini?"

"Hakijakosa kitu. Nimekiosha kwa maji ya moto, sasa nakitia moshi ili maziwa yasichache. Mama yangu alifanya hivi, na bibi yangu. Kwani wewe kwako mnafanyaje?"

Kifaru akaushusha mguu taratibu, mbali na moto. Akakaa karibu kutazama.

Akamwona Bi Pimbi ananawa mikono mpaka viwikoni. Akamwona anapangusa kiwele cha mbuzi mweupe kwa kitambaa chenye maji vuguvugu. Akaona mikamuo ya kwanza, chwii, chwii, inatupwa chini.

"Shemeji, mbona unayamwaga?"

"Hayo ya mwanzo ndiyo yanayobeba taka za mlangoni mwa chuchu."

"Basi hivi ndivyo inavyotaka mbegu ya weupe," alisema Kifaru, akidhani ameelewa.

"Mbegu?" Bi Pimbi akacheka, kwi kwi kwi! "Shemeji, mbegu zote! Huyu mweupe kiwele chake kinagusa chini, kwa hiyo nampangusa mara mbili. Kondoo mkia wake unafagia kila kitu, kwa hiyo naufunga pembeni kwanza. Mbuzi wa kienyeji kazi yake kupiga teke kibuyu, huyo hushikwa mguu. Kila mmoja na kero yake, lakini aliyezaliwa na maziwa machafu hayupo. Na beberu hakai karibu na maziwa. Yeye hufungwa mbali, upepo unakoelekea, maana maziwa hunywa harufu."

"Lakini mumeo alisema..."

"Alisema nini?"

Kifaru akamweleza: weupe na jua, kondoo na mkia, mwekundu na hasira. Bi Pimbi akasikiliza mpaka mwisho, uso ukambadilika.

"Kumbe! Mimi aliniambia umewachoka, ukampa." Akaugeukia moto. "Chukua kaa la moto, shemeji. Nenda kajaribu kwa huyo mwekundu wako. Na mume wangu akirudi kutoka matembezini, niachie mimi."

"Usimwambie kitu," alisema Kifaru. "Kesho anakuja kwangu. Nataka aniambie yeye."

Bi Pimbi akamtilia kaa katika kigae, kama majirani wanavyoazimana moto. Kifaru akashuka nalo. Nusu ya njia akalitazama, likamtazama, jekundu. Pu! pu! Akalikanyaga.

"Mwenye nyumba!" alipiga kelele Shashi.

"Mguu umekwenda wenyewe!"

Akarudi. "Shemeji, limezimika." Akapewa la pili. Akafika nalo mpaka mlangoni kwake. Pu! Akarudi tena, jasho linamchuruzika na aibu imemjaa. Bi Pimbi akampa la tatu bila kusema neno. Safari hii Kifaru alitembea amefumba macho. Haikumgharimu kitu, maana hata akiyafumbua haoni mbali. Shashi akamwongoza, "Kulia! Kushoto! Shimo!" na kaa likafika zima.

Akawasha moto wake wa kwanza maishani. Akapasha maji, akaosha kibuyu kipya na kukifukiza. Halafu akaitazama mikono yake yenye tope, tope la baba yake na babu yake. Aliona kana kwamba anawatukana wazee. Akamsikia Mashavu anakohoa ndani. Akaitumbukiza mikono majini.

Mwekundu akakamuliwa. Teke! Kibuyu kikayumba. Kifaru akamshika mguu. Beberu akapelekwa mbali. Mchana maziwa hayakuchacha. Jioni hayakuchacha. Mashavu akanywa, na tumbo lake likatulia tuli.

Kifaru akafurahi? Kidogo tu. Alikuwa bado amevurugikiwa. Alikaa mlangoni akijiuliza: kama kosa lilikuwa hili, yule aliyesema mepesi na mazito alikuwa anasema nini hasa?

Kesho yake Pimbi akaja na kamba mabegani. Akawakuta majirani wamekaa: Nyumbu, Twiga na Ngiri. Mbele yao palikuwa na vibuyu vidogo vitatu.

"Nimekuja kumchukua wa mwisho," alisema Pimbi.

"Mchukue, sijakataa," alijibu Kifaru. "Ila majirani hawa wanasema hakuna awezaye kuonja maziwa akaijua mbegu ya mnyama."

"Nani kasema?" Pimbi akavimba kifua. "Mimi naonja tone moja nakutajia mpaka rangi ya masikio! Nikikosea hata kibuyu kimoja, weupe wote na kondoo wote wanarudi leo leo!"

"Tumesikia," alisema Nyumbu.

"Tumesikia," alisema Twiga huko juu.

Pimbi akaonja kibuyu cha kwanza. Akalamba midomo. "Mmmh! Matamu, yametulia. Haya ya mbuzi mweupe. Mzee, umepanda kwangu kuniibia?"

Akaonja cha pili. "Ptu! Yamechacha! Haya ya mwekundu wako, na hasira zake naziona."

Akaonja cha tatu, akakunja pua. "Uuh! Kondoo! Harufu ya mkia hii, mtu hahitaji hata kuonja."

Kifaru akasimama.

"Pimbi, vyote vitatu ni vya mwekundu."

"Haiwezekani!"

"Jana jioni nilimkamua kwa mikono safi nikatia kibuyu cha kwanza, kilichofukizwa. Mengine nikayatia katika kibuyu changu cha zamani na mikono ikiwa na tope, hicho ndicho cha pili. Leo asubuhi nikamkamua tena huku nimemfunga beberu ubavuni pake. Hicho ndicho ulichokiita mkia."

Pimbi akatazama kibuyu cha kwanza, akatazama cha tatu, akarudi cha pili. Kwa mara ya kwanza ulimi wake ulitafuta neno usilipate. "Basi... mweupe ni mwekundu... na kondoo ni... Ngojeni kwanza. Mimi nimeonja nini?"

"Umeonja mikono yangu," alisema Kifaru.

Majirani wakaangua kicheko, Ngiri akagaagaa chini. Pimbi akatupa kamba, fyuu! akatokomea vichakani. Njiani alipishana na mkewe, ambaye alikuwa ameshawafungua weupe na kondoo na anawateremsha mwenyewe, fimbo mkononi.

Kifaru peke yake hakucheka. Alimfuata Mashavu ndani, akapiga magoti karibu naye.

"Nisamehe, mwanangu. Niliwafukuza mbuzi nyumbani, kumbe aliyekuwa akikuumiza ni mimi."

Mashavu akamtazama. "Sasa nitakunywa ya mbuzi yupi, baba?"

"Ya yeyote umtakaye," alisema Kifaru. "Ngoja tu baba anawe."

Ndiyo hivyo, wanangu, na anayebisha akamuulize Shashi: maziwa yakikuchachia, kabla hujamlaumu mbuzi na mbegu yake, itazame kwanza mikono iliyomkamua.